Mrengu umepasuka: tuuvike faiba turudi majini?

Swali: Assalaam aleikum, ami. Sisi ni vijana wanne wa Shela, Lamu. Tumeunda chombo cha mbio mfano wa ngalawa, ila chembamba na kina ndubi moja tu, yaani elea la pembeni, ya povu gumu lililovikwa faiba (kitambaa cha nyuzi za kioo) kwa epoksi, ile gundi ya kuchanganya. Mirengu miwili, yaani boriti zinazoshika ndubi, ni mabomba ya nyuzi za kaboni, tumeyatoboa na kuyakaza kwa bolti. Wiki iliyopita kusi ilikuwa kali na maji yamekupwa, ndubi ikapiga fungu upande wa Manda. Chombo kilizunguka, tanga likaanguka majini. Ndubi ina tundu kama kiganja, na mrengu wa mbele una ufa mdogo penye bolti. Je, tukizungushia faiba tabaka mbili tatu, tunaweza kutoka Jumamosi?

Jibu: Waaleikum salaam, wanangu. Jumamosi, hapana. Alhamdulillahi mmetoka salama.

Nyote mnalitazama tundu kwa kuwa linaonekana. Mimi linanisumbua kidogo sana. Ndubi iliposimama ghafla, chombo kiliendelea kwenda, na nguvu yote ikapita kwenye mirengu hadi pale ilipokazwa. Basi anzieni huko, na msiusahau mrengu wa nyuma ambao mnaudhani mzima. Pigapigeni bomba kwa sarafu kila sentimita moja. Penye uzima mlio ni mkali. Tabaka zilipoachana mlio ni butu, kama kugonga ukuta wenye plasta iliyovimba. Wekeni alama kwa kalamu. Naamini alama itazidi huo ufa mara mbili au zaidi.

Kuzungushia juu hakufai. Ufa unabaki chini yake na utaendelea kutembea, na ukingo wa hiyo bandeji unakuwa mahali pagumu ghafla, bomba livunjike pembeni yake. Sageni sehemu yote yenye alama kwa mteremko mrefu: kwa kaboni, unene mara 20. Ukuta wa milimita 3 unataka milimita 60 kila upande. Kisha rudisheni tabaka moja moja kama zilivyokuwa, nyingine nyuzi zikienda na urefu wa bomba ili kuzuia kupinda, nyingine zikikata mshazari wa digrii 45 ili kuzuia kujipota. Vaeni barakoa na mikono mirefu. Vumbi la kaboni litawawasha hadi usiku.

Tumieni epoksi tu. Resini ya poliesta ni rahisi kwa bei, lakini haishiki vizuri juu ya epoksi iliyokwisha kukauka. Pimeni epoksi na kikaushi chake kwa mizani, si kwa jicho, na kwa joto letu changanyeni kidogo kidogo, gramu 200 hivi, mkaimwage kwenye sinia bapa. Ikiachwa kwenye kikombe kirefu hujichemsha yenyewe hadi itoe moshi. Fanyeni kazi umande ukishakauka. Mkikuta uso wa epoksi iliyokauka una utelezi kama nta, uosheni kwa maji baridi kabla ya kupiga msasa, la sivyo tabaka ya juu haitashika.

Tundu la ndubi sasa. Ondoeni povu lote lililokunywa maji ya chumvi, osheni kwa maji matamu (na nyinyi wa Shela hamna udhuru, visima vya maji matamu viko kwenu), mkaushe siku kadhaa kivulini penye upepo. Mkiziba na unyevu ndani, jua litaupasha na ngozi ivimbe. Mteremko wa faiba ya kawaida unatosha mara 12 ya unene.

Lakini mkitengeneza haya yote na kurudisha zile bolti, tutaonana tena. Tundu la bolti limekata nyuzi ambazo ndizo zilizokuwa zikibeba, na ufa wenu umeanzia hapo hapo. Isitoshe, kaboni na chuma vikigusana ndani ya maji ya chumvi, chuma ndicho kinacholiwa. Aluminiamu ndiyo huliwa upesi zaidi. Nendeni mkaitazame ngalawa ya kienyeji: mrengu umefungwa kwa kamba. Kamba hulegea kidogo chombo kikigonga, ikikatika hufungwa upya jioni ile ile. Zibeni yale matundu, tieni tabaka ya faiba nyeupe pale kamba itakaposugua, mfunge.

Mnapenda kunitajia rekodi ya mwendo wa vyombo vya tanga, basi mkumbuke na historia yake. Chombo cha kwanza cha Paul Larsen, baharia wa Australia, kiliruka hewani na kupinduka Walvis Bay, Namibia, mwaka 2008. Rekodi ya noti 65.45, kama kilomita 121 kwa saa, aliipata Novemba 2012 kwa chombo cha pili kilichoundwa upya. Upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu yake huwa mara nne, kwa hiyo mrengu uliovumilia asubuhi si ushahidi wa alasiri.

Kabla ya kushua, jaribuni nchi kavu. Kandamizeni mwili wa chombo kwa magunia ya mchanga, ndubi ining'inie, muipakie jerikeni za lita 20 moja moja. Ikiwa watu wawili hukaa juu ya ndubi, hesabuni uzito wao na wa ndubi, mwongeze nusu. Kwenu nakisia jerikeni 12. Ziacheni saa nzima. Kisha wawili waivute pua ya ndubi kwa kamba kuelekea nyuma, kama lile fungu lilivyofanya, na mmoja aweke sikio kwenye mrengu. Akisikia "ti", shusheni jerikeni mrudi kwenye sarafu.