Kabla hujasaini, ulizia siku ya mwisho

Wiki iliyopita, saa tano usiku, niliingiwa na ujumbe kutoka kwa dada mmoja anayeishi Birmingham, mama yake mzaliwa wa Unguja. Aliandika hivi: "Shikamoo dada. Mama ana Parkinson, huu mwaka wa nne. Hospitali wamemuuliza kama atapenda kuingia kwenye utafiti wa dawa mpya. Yeye anataka, sisi watoto tunaogopa. Wewe ulishaingia. Ungetuambia nini?"

Nilimwitikia marahaba, nikamwomba anipe siku mbili. Zimefika nane. Kila nikianza kumjibu najikuta nasimulia kisa changu chote, kisha nafuta. Basi nimeona nikisimulie hapa, maana ujumbe wa namna hii si wa kwanza, na najua wengi mnaonisoma mna mzazi, mume au ninyi wenyewe mnangojea dawa hiyo hiyo ninayoingojea mimi.

Niligundulika na Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaotetemesha mwili na kuupunguzia mwendo, mwaka 2018, nikiwa na miaka 49. Binti yangu ndiye aliyeona kwanza. Tulikuwa tunatoka sokoni hapa Reading, Uingereza, akaniuliza, "Mama, mbona mkono wa kulia umeubana hivyo?" Sikuwa nimeubana. Ulikuwa umeacha wenyewe kwenda mbele na nyuma nikitembea. Kazi yangu ilikuwa kuhudumia wazee majumbani, nilishawalisha na kuwavisha watu wenye maradhi haya, kwa hiyo daktari alipolitamka jina sikuhitaji kuelezwa. Nilipompigia simu mama mdogo kule Tanga, alinyamaza kitambo, akasema, "Kama babu yako."

Babu alitetemeka barazani miaka na miaka. Sisi wajukuu tuliambiwa ni uzee. Hakuna aliyemlaumu mtu, ndivyo ilivyokuwa, na kwa wengi ndivyo ilivyo hadi leo. Watafiti waliopita nyumba kwa nyumba wilaya ya Hai, Kilimanjaro, matokeo yao yakatolewa 2008, walikuta watu 33 wenye Parkinson katika wakazi kama 161,000. Zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Nikisoma habari ile namwona babu na kikombe chake cha kahawa, anakishika kwa mikono miwili.

Miaka minne iliyofuata sitaisimulia. Vidonge, kuvizoea, kulia, kuzoea tena.

Mwaka 2022, hospitali moja kubwa kusini mwa Uingereza wakaniuliza kama ningependa kujaribu dawa ambayo huenda ikapunguza kasi ya ugonjwa. Asiyeumwa hawezi kujua maneno hayo yanaingia vipi moyoni. Levodopa, dawa tunayoitegemea wote, ilianza kutumika miaka ya 1960, na mpaka sasa haijapata mpinzani. Inarudisha ubongoni dopamini iliyopungua, kemikali inayoongoza mwendo wa mwili, basi mwili unalegea, unatembea. Lakini seli zinazoitengeneza dopamini zinaendelea kufa huku nyuma, na hakuna dawa hata moja iliyothibitika kuzizuia. Kwa hiyo mtu akikwambia "kupunguza kasi", wewe husikii "huenda". Unasikia "kupunguza" tu.

Fomu ya ridhaa ilikuwa na kurasa 19. Nilisoma nne. Mume wangu ndiye aliyezisoma zote, akaweka miwani mezani, akaniuliza swali moja tu: "Na ikiisha?"

Nikamjibu, "Ikiisha si nitakuwa nimeshapata nafuu?"

Nikasaini.

Kaka yangu aliyeko Dar alikasirika. "Wanakufanya panya wa maabara," alisema, na alikuwa na haki ya kuogopa, maana historia ya watu weusi na utafiti ina mambo mabaya ya kweli. Ila siku hizi, mahali panapofuata utaratibu, kuna kamati ya maadili inayopitisha utafiti kabla mgonjwa wa kwanza hajaguswa, na unaweza kutoka siku yoyote bila kueleza sababu na matibabu yako ya kawaida yasiguswe. Hilo nilimweleza. Nikamweleza na habari ya dawa bandia, iliyomkera zaidi. Bandia hapa si feki ya dukani. Ni kidonge kinachofanana na dawa kwa kila kitu lakini hakina dawa ndani, na nusu yetu tungepewa hicho. Nani kapata kipi, mgonjwa hajui, na daktari anayempima hajui. Wanachagua kwa kura ya kompyuta. Bila hivyo kila mtu ataona anachotaka kuona, na mimi ni shahidi, kama mtakavyosoma.

Siku ya kupimwa ndiyo ngumu, na hakuna anayewasimulia, basi nisimulie mimi. Unatakiwa ufike bila kumeza levodopa tangu usiku wa jana, ili wakuone jinsi ugonjwa ulivyo hasa. Asubuhi hiyo mume wangu alinivisha kila kitu, soksi mpaka mtandio, kama mtoto. Ndani ya teksi mguu wa kulia uligonga sakafu njia nzima. Ukifika wanakuambia gonganisha kidole cha shahada na gumba, upesi, kwa upana, mara kumi. Tatu za kwanza zinakwenda. Ya nne vidole vinaanza kusogeleana, ya saba vinagoma kabisa, na wewe unavitazama kama si vyako. Fumba ngumi, fumbua. Inuka kitini umekunja mikono kifuani. Tembea ukumbini, geuka, rudi. Mwisho daktari anasimama nyuma yako, anakushika mabega anakuvuta ghafla, aone utapiga hatua ngapi kabla ya kujizuia. Mara ya kwanza nilipiga mbili. Kila kitu kinaandikwa namba, sifuri mpaka nne, na namba ikipanda ndipo ugonjwa umezidi.

Mwezi wa tatu wa zile dawa, nikiwa kituo cha basi, nilifunga koti langu la baridi. Lina vifungo sita. Nilivifunga vyote sita bila kuvitazama, nikagundua nilipofika cha juu shingoni. Nililia palepale. Nikampigia mama mdogo, nikampigia kaka, nikamtumia binti yangu picha ya koti. Nikaanza kuwaambia watu dawa imepatikana. Wallahi niliamini.

Sasa kuna jambo ambalo sijawahi kuliandika. Mwezi wa saba nilianguka bafuni. Nilipatwa na kizunguzungu nikishuka kwenye beseni, nikapiga ubavu ukingoni, nikakaa chini labda dakika ishirini. Kizunguzungu kilikuwa kwenye orodha ya mambo tuliyoambiwa tuyaripoti siku hiyo hiyo. Sikuripoti. Niliogopa watanitoa. Kwenye ziara iliyofuata nesi aliniuliza, kalamu mkononi, "Umeanguka tangu tulipoonana?" Nikasema hapana. Mume wangu alikuwa amekaa pembeni. Aliangalia viatu vyake. Njia nzima ya kurudi hakusema neno, na yeye si mtu wa kununa.

Nimejiuliza mara nyingi: kama mimi nilificha, wangapi wengine walificha? Dawa inayoangusha watu inaweza kuonekana salama kwa sababu ya kina mama kama mimi wenye kutaka kupona. Ndugu zangu, utafiti ni ushahidi mahakamani. Ukidanganya kwa nia njema bado umedanganya, na atakayeumia ni mgonjwa wa kesho atakayeandikiwa dawa hiyo akiamini imepimwa. Usifiche. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nilificha.

Ikaja siku ya mwisho. Wiki ya 52. Nesi alihesabu vidonge vilivyobaki, akavitia kwenye mfuko, akanipa kadi ya asante yenye maua. Daktari alinishika mkono. Basi. Nilitoka na koti langu nimelifunga, na ilikuwa wiki tatu baadaye, nyumbani, nikiwa bila kile kidonge, ndipo nilipoanza kuhisi naporomoka. Kweli au woga, siwezi kuapa. Nilipiga simu kwenye namba ya utafiti. Haikupokelewa, wale watu walishahamia kazi nyingine. Kwa mwaka mzima nilikuwa nimeonana nao, wanajua majina ya watoto wangu, kisha kimya. Hakuna barua, hakuna simu.

Matokeo niliyapata kwa WhatsApp. Mtoto wa kaka yangu alinitumia kiungo cha gazeti: "Shangazi, si ndiyo ile dawa yako? Wanasema imefeli."

Nilikuwa jikoni namenya viazi. Niliweka kisu chini.

Baada ya kuhangaika, daktari alikubali kunionyesha karatasi zangu. Kumbe nilikuwa upande wa dawa yenyewe, sikupewa bandia. Na namba zangu zilikuwa zimepanda polepole, sawasawa na za waliomeza kidonge kitupu. Nikamwambia, na koti je? Hakunicheka. Alinieleza kwamba mwaka 2001 watafiti wa Vancouver, Kanada, waliwapa wagonjwa wa Parkinson dawa bandia, wakawapiga picha za ubongo, wakaona dopamini inamwagika kweli kweli. Ugonjwa wetu una ajabu hii: tumaini lenyewe linatoa kemikali ile ile tunayoikosa. Kwa hiyo vifungo sita vilikuwa vya kweli. Kilichovifunga ndicho hakijulikani.

Nimeelewa. Moyo wangu bado haujakubali, na sioni aibu kusema.

Wala si mimi peke yangu. Bristol kulikuwa na utafiti wa protini iitwayo GDNF, wagonjwa kama 40 walitobolewa fuvu, wakawekewa mirija minne mpaka ndani ya ubongo, dawa inaingizwa kupitia kifaa kidogo kilichofungwa nyuma ya sikio kila wiki nne. Kati yao wapo walioapa kwamba maisha yao yamerudi. Matokeo yalipotoka 2019, kipimo kikuu hakikuonyesha tofauti ya kutosha na dawa bandia, na dawa haikuendelea, ingawa wagonjwa waliomba iendelee. Kisha eksenatidi, dawa ya kisukari. Mwaka 2017 utafiti mdogo wa watu 62 ulitufanya wote tushike roho. Ule mkubwa ukafuata, watu 194, sindano kila wiki kwa wiki 96, na Februari 2025 jibu likatoka: haikusaidia. Fikirini wiki 96 za kujidunga. Wale ni mashujaa, na wametupa jibu ambalo lisingepatikana bila wao, hata kama jibu lenyewe ni hapana.

Kwa hiyo dada yangu wa Birmingham, mwambie mama aulize hivi kabla ya kusaini. Siku ya mwisho nitabaki na dawa au mtaichukua? Baada ya siku ya mwisho nani atanipigia, na lini? Matokeo nitaambiwa na ninyi au na gazeti? Nitaambiwa nilikuwa upande gani? Aombe majibu kwa maandishi. Mengine, damu wanatoa kiasi gani, nauli wanarudisha au la, yamo kwenye fomu, na ninyi watoto mzisome kurasa zote, msiache kama mimi. Lakini la siku ya mwisho lisimame peke yake. Wengi wetu tunaulizia siku ya kwanza.

Na msimzuie kwa hofu tu. Hili naomba mnisikilize. Dawa nyingi za ugonjwa huu zimepimwa kwa watu wa Ulaya na Marekani wenye asili ya Ulaya. Mwaka 2023 watafiti, akiwemo Profesa Njideka Okubadejo wa Lagos, walitangaza badiliko katika jeni iitwayo GBA1 linaloongeza hatari ya Parkinson, na linapatikana karibu kwa watu wenye asili ya Afrika peke yao. Lilikuwa ndani ya damu yetu siku zote. Halikuonekana kwa sababu hatukuwamo kwenye vipimo. Sasa kuna utafiti mwingine wa Parkinson unaoitwa TraPCAf unaofanyika nchi saba za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwemo, na mimi nikiusikia namfikiria babu tena. Tukikaa nje wote, dawa ikija itakuja imeshonwa kwa kipimo cha mtu mwingine, kisha tulalamike haitutoshi. Mama yenu, mzaliwa wa Unguja, akikaa kwenye kile kiti na kugonga vidole, anagonga kwa niaba ya wengi. Lakini aende anajua. Aende na mtu wa kusoma fomu, na aende na ulimi wa kusema kweli hata akianguka.

Mimi nimeulizwa tena. Utafiti mwingine, hospitali nyingine. Fomu iko mezani hapa, kurasa 22, nimezisoma zote mara mbili na mume wangu amepigia mstari ukurasa wa 17, ambapo wameandika kwamba washiriki "watajulishwa kwa wakati unaofaa". Jana nilimpigia nesi, nikamwuliza wakati unaofaa ni lini, na nani atanyanyua simu. Nikamwambia pia kwamba mwaka 2022 nilianguka bafuni nikasema sikuanguka. Alinyamaza kidogo, akasema atauliza kisha atanipigia Jumanne.