Sare za mtoto wa darasa la kwanza Njombe
Kwa mzazi mwenzetu aliyehamia Njombe kutoka Dar es Salaam na kuuliza amnunulie binti yake wa darasa la kwanza sare ngapi: mashati meupe mawili na sketi mbili za bluu zinatosha, ingawa katika baridi ya Juni na Julai nguo hukawia kukauka, hivyo shati la tatu halitakuwa la anasa. Fedha zaidi ielekeze kwenye sweta. Usiinunue kabla ya kuuliza shuleni, kwani rangi yake hutofautiana kati ya shule na shule, na uchague iliyo kubwa kidogo ili aweze kuvaa fulana nzito ndani yake. Sketi, mwombe fundi aache pindo pana litakaloachiliwa mtoto akirefuka; viatu vyeusi, kinyume chake, visizidi mguu sana, maana mtoto anayetembea hadi shuleni atachubuka visigino. Jina lake liandikwe ndani ya kila vazi, kwa sababu sweta za darasa zima hufanana, na mtoto wa umri huo huivua saa nne jua likipanda, akaisahau kwenye dawati.