Jibu: skrubu za kifuniko cha silinda zinazokwama baada ya mizunguko miwili

Ndugu yangu, umeeleza kwamba skrubu za kifuniko cha silinda katika injini yako ndogo ya mvuke, uliyoinunua ikiwa vipande ili uiunge mwenyewe, huingia mizunguko miwili au mitatu kisha hukwama, na umeuliza kama uzilazimishe kwa koleo. Nakuomba usifanye hivyo. Mimi nilifanya, na nusura niitupe silinda nzima.

Skrubu inayogoma tangu mwanzo kwa kawaida imezuiwa na rangi, uchafu au ukingo wa shimo uliobaki na makali, na hapo brashi na mkono mwepesi hutosha. Skrubu inayoanza vizuri kisha ikabana kidogo kidogo ina kisa kingine: meno yake na meno ya shimo hayakupangwa kwa nafasi moja. Injini nyingi za aina hii zilizobuniwa Uingereza hutumia hesi (meno ya skrubu) za BA, yaani British Association, vipimo vya zamani vya Kiingereza, ilhali skrubu tunazopata hapa Mombasa kwa kawaida ni za kimetriki. BA namba 7 ina kipenyo cha milimita 2.5, sawa kabisa na skrubu ya kimetriki iitwayo M2.5, kwa hiyo jicho halizitofautishi. Lakini kutoka jino hadi jino BA hiyo ina milimita 0.48, na M2.5 ina 0.45, tena pembe ya meno ya BA ni digrii 47.5, na ya kimetriki ni 60. Tofauti ya milimita 0.03 ni ndogo kuliko unene wa unywele, ila hujilimbikiza kila mzunguko mpaka skrubu ikakosa pa kupita.

Basi pima kwanza. Kwa kalipa, kile kipimio chenye taya mbili, chukua umbali wa nafasi kumi za meno: ukipata 4.8 ni BA, ukipata 4.5 ni M2.5. Kama huna kalipa, ilaze skrubu unayoijua ubavuni mwa ile usiyoijua, meno kwa meno, uzitazame dhidi ya mwanga. Zisipokuwa za jamii moja utaona mwanya ukifunguka upande mmoja.

Mimi sikupima. Nilinunua tapu ya M2.5, kifaa cha kukatia hesi ndani ya shimo, nikaamua kukata hesi upya juu ya zile za zamani, na kwa kuwa tapu ni ngumu lakini huvunjika kama kioo, ilikatikia ndani ya shimo. Fundi wa leti (mashine ya kukereza chuma) wa Majengo alijaribu kuitoboa, lakini kekee ilikuwa ikiteleza na kuila shaba laini iliyo pembeni. Kilichoniokoa ni shabu, ile ile ambayo wazee wetu walitulizia maji ya kisima, niliyoinunua Marikiti kwenye duka la viungo. Maji moto ya shabu hula chuma cha tapu pole pole na kuiacha shaba. Niliondoa kila kipande cha chuma kwenye silinda, nikaitia ndani ya bakuli la kioo lenye shabu iliyokolea, na bakuli nikaliweka ndani ya sufuria ya maji yanayochemka taratibu, nikiongeza maji kila yalipopungua. Siku ya pili tapu ilikuwa nyeusi na yenye kumomonyoka, nikaitoa kwa sindano. Shaba ilififia rangi tu.

Kwako wewe, ikiwa meno ya shimo bado ni mazima, agiza skrubu sahihi za BA ungoje zifike, hata kama kungoja kunachosha. Yakiwa yameliwa, toboa kwa kekee ya milimita 2.5 ukate hesi za M3, lakini hakikisha kwanza kwamba ukuta wa silinda una unene wa kutosha kuzunguka shimo, na upanue matundu ya kifuniko yalingane. Tapu isimame wima. Ipeleke nusu mzunguko mbele na robo nyuma ili chembe zikatike. Yule aliyekushauri uzizungushie skrubu utepe mweupe wa mafundi bomba, usimsikilize: kifuniko hicho kitabeba shinikizo la mvuke, na kinachokishika ni meno.

Kabla ya kununua chochote, niandikie hapa kipimo cha nafasi kumi ulichopata.