Anayelipa ada ndiye anayechagua shule?

SWALI: Wakili, mimi naishi Arua, Uganda. Baba wa binti yangu tulitengana miaka 3 iliyopita, hatukufika mahakamani. Mtoto anakaa kwangu. Baba yuko Kampala na ndiye anayelipa ada. Binti yuko P.6, darasa la sita la msingi, katika shule ya kutwa na anasoma vizuri. Sasa baba amesema muhula ukiisha atakuja kumchukua ampeleke bweni, shule mpya ya binafsi karibu na Kampala. Nikikataa ananijibu, "Anayelipa ndiye anayeamua." Sheria inasema hivyo? Mtoto mwenyewe hataki kwenda.

JIBU: Hapana mama, sheria haisemi hivyo, na inaniuma kila ninaposikia maneno hayo, maana nayasikia mara nyingi mno.

Ibara ya 31(4) ya Katiba ya Uganda ya 1995 inasema kutunza na kulea watoto ni haki na wajibu wa wazazi. Imesema wazazi, haikumtaja mwenye fedha. Sheria ya Watoto nayo inampa kila mzazi wajibu wa malezi kwa mtoto wake, na wajibu huo haufi kwa sababu nyumba imevunjika. Ada anayolipa baba ni deni lake kwa mtoto, sawa na chakula, nguo na matibabu. Anatimiza wajibu, hanunui mamlaka.

Lakini mama, pokea na hili. Kukaa na mtoto tu hakukufanyi wewe kuwa mwamuzi pekee. Baba ana sauti kama wewe. Kama angeniandikia kwamba wewe umemhamisha binti bila kumwambia, ningemtetea vivyo hivyo.

Mkishindwa kuelewana, kipimo si haki yako wala yake. Kipimo ni maslahi ya mtoto, na sheria imetaja mambo ya kuangaliwa: matakwa na hisia za mtoto kwa kadiri ya umri na ufahamu wake, mahitaji yake ya mwili, moyo na elimu, madhara yanayoweza kumpata, uwezo wa wazazi kumtunza, na athari za kubadilisha mazingira yake. Hilo la mwisho ndilo zito kwenu. Kutoka Arua hadi Kampala ni karibu kilomita 500. Mtoto aliyezoea kurudi nyumbani jioni ataondolewa kwa mama, kwa marafiki na kwa walimu wanaomjua, huku mwaka wa P.7 na PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ukimsubiri. Usajili wa PLE hufanywa na UNEB, baraza la mitihani la taifa, kupitia shule yenye kituo cha mtihani. Kama shule hiyo mpya haina kituo chake, mtoto atasajiliwa kwa jina la shule nyingine. Muulize baba kama amelichunguza hilo. Muulize kwa upole, huenda hajalifikiria.

Nalo neno "mpya" limenishtua kuliko mengine yote. Mzazi wa Uganda ana uhuru wa kuchagua shule ya binafsi. Mikataba tuliyoridhia, ukiwemo Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, inaulinda uhuru huo. Ila mkataba huohuo unataka shule hiyo itimize viwango vya Serikali. Chini ya Sheria ya Elimu ya 2008 shule ya binafsi lazima iwe na leseni, kisha isajiliwe. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliruhusu Serikali kuzifunga shule 63 za Bridge, kampuni ya shule za binafsi, jambo moja kubwa likiwa ni leseni na viwango. Wazazi wa watoto wale walikuwa wamechagua na kulipa, lakini chaguo lao halikuzuia amri. Kwa hiyo kabla hujabishana na baba juu ya bweni, nenda kwa Afisa Elimu wa Wilaya ilipo shule hiyo, au mtume ndugu aliye karibu, aulize: ina leseni? Imesajiliwa? Imekaguliwa lini? Ikiwa hakuna karatasi, mazungumzo yenu yatakuwa mafupi.

Ikiwa karatasi zipo na baba bado anashikilia, nenda kwa Afisa wa Ustawi wa Jamii hapo Arua, yule wa wilaya anayeshughulikia watoto. Atawaita nyote wawili, na umwombe amsikilize binti akiwa peke yake. Mpeleke na ripoti zake za muhula. Mnachokubaliana kiandikwe, kitiwe saini, kila mmoja abaki na nakala. Hapo msipopatana, Mahakama ya Familia na Watoto inaweza kuamua mtoto akae na nani na gharama zake zibebwe vipi. Kumbuka, baba akikasirika na kuacha kulipa, mahakama hiyohiyo inaweza kumwamuru atoe matunzo.

Na leo, kabla muhula haujaisha, mwandikie mwalimu mkuu barua fupi. Mweleze kuwa wazazi hawajakubaliana juu ya uhamisho, na umwombe asitoe barua ya uhamisho wala kumkabidhi mtoto kwa safari hiyo bila kukujulisha. Apige muhuri nakala yako. Mtumie na baba nakala, asije akaona umemzunguka.