Nahodha wa kaunti na karatasi ya majina kumi na moja

Mleta uzi kauliza kwa nini manahodha wastaafu wa kriketi ya kaunti (timu za kulipwa za majimbo) kule Uingereza wakihojiwa hawaongelei sana mikimbio yao, yaani pointi walizopata kwa kupiga, wanaongelea watu. Akamalizia kwa dongo: "kwani nahodha kazi yake si kurusha sarafu ya kuamua nani aanze tu?" Nimesoma majibu yote, wengi mmelinganisha na mpira wa miguu. Ngoja nichangie kwa niliyoyaona, maana nimeishi Leicester, huku huku Uingereza, tangu 1995, na unahodha nimeuonja. Msicheke: timu ya tatu ya klabu ya mtaani, ligi ya Jumamosi, uwanja una mteremko na kabla ya mechi tunaanza kwa kuokota mavi ya mbwa.

Tuondoe kwanza hili la sarafu. Kwenye soka kocha ndiye anapanga, anafoka pembeni, anatoa na kuingiza. Kwenye kriketi kocha yuko juu barazani na kikombe chake cha chai. Nani arushe ova (mipira sita) inayofuata, nani apumzishwe kwa sababu bega limechoka ila mwenyewe hataki kusema, yule kijana asogee hatua tatu kushoto, tuache kupiga saa ngapi ili wapinzani waone ushindi uko karibu, waukimbilie, waanguke: yote hayo ni ya nahodha. Na mechi ya Championship, ligi kuu ya kaunti, ni siku nne. Kuanzia 1993 hadi mwisho wa miaka ya tisini kila kaunti, kati ya zote 18, ilicheza mechi 17 kwa msimu. Piga hesabu, siku 68, hapo hujaweka mechi za siku moja. Unaanza Aprili umevaa sweta mbili, unamaliza Septemba umevaa sweta mbili, na katikati una watu kumi ambao nyuso zao umeziangalia kuliko za wanao.

Waliocheza miaka ya sabini ndio walikuwa na balaa kabisa. Mechi inaanza Jumamosi, Jumapili inasimama mkacheze ligi ya ova 40, pengine mji mwingine, halafu Jumatatu mnarudi kuendelea na ile ya Jumamosi pale mlipoiachia.

Mimi niliyajulia haya Grace Road, uwanja wa Leicestershire, timu ya kaunti ya huku kwetu. Nilikuwa nafanya shifti ya usiku kiwandani, mchana silali, naenda kukaa na wazee. Wakuu, pale kuna kona nzima ya wazee wa Kihindi waliotoka Jinja, Moshi, Mombasa na Kisumu, wanachanganya Kigujarati na Kiswahili, chapati na achari zimefungwa kwenye foili. Wakitaka kumsema nahodha wanahamia Kiswahili. "Huyu kalala! Mrushaji kachoka toka saa tano, yeye anaangalia ndege!" Siku moja mlinzi wa pale, jamaa mweusi mrefu ambaye hakuna aliyewahi kumtilia maanani, akapita taratibu akasema, "Wazee, punguzeni sauti, nahodha atasikia." Kumbe mtu wa Likoni. Tangu siku ile chapati yake ilikuwa inahesabiwa.

Msimu wa 1996 ndio niliokaa karibu wote. Kenya ilikuwa imewafunga West Indies kule Pune mwezi Februari kwenye Kombe la Dunia, kwa hiyo kona yetu ilikuwa na kiburi tayari. Leicestershire ni kaunti ndogo, pesa haina, na ubingwa ilikuwa imeuchukua mara moja tu, 1975, chini ya Ray Illingworth. Nahodha wa 1996 alikuwa James Whitaker. Mtu huyu timu ya taifa aliichezea mechi moja tu ya Test (mechi ndefu ya mataifa, ya siku tano), Adelaide, Australia, Desemba 1986, akapata mikimbio 11, basi, Test nyingine hakucheza. Ukimpima kwa karatasi hiyo, si mtu. Lakini wiketi ikianguka, yaani mpigaji wa wapinzani akitolewa, alikuwa anawakusanya wote kumi na mmoja kwenye duara, wameshikana mabega, vichwa chini. Leo kila timu inafanya, siku zile watu walikuwa wanatazamana. Mzee mmoja wa Jinja aliita "kikao cha harusi". Kikao cha harusi kikachukua ubingwa. Mwaka 1998 wakauchukua tena bila kupoteza mechi hata moja, na sehemu kubwa ya msimu ule Whitaker alikuwa nje kwa goti, Chris Lewis ndiye akiongoza uwanjani.

Nililiwaza sana lile goti. Umejenga timu miaka yote, halafu inashinda vizuri zaidi wewe ukiwa umekaa na magongo. Hapo ukihojiwa utaongelea mikimbio yako ipi?

Kuna historia nyingine inayoeleza kwa nini watu. Zamani nahodha hakuchaguliwa kwa ujuzi, alichaguliwa kwa tabaka. Lazima awe mwungwana asiyelipwa. Wachezaji wa mshahara walikuwa na chumba chao na mlango wao. Leicestershire hiyo hiyo ilithubutu 1935 kumpa unahodha Ewart Astill, mchezaji wa kulipwa, jambo geni kabisa wakati ule, na msimu uliofuata ukarudishwa kwa mwungwana. Mgawanyo ule ulifutwa rasmi baada ya msimu wa 1962. Baada ya hapo nahodha ni mwenzao: mnagawana chumba, mnajua nani ana mkopo wa nyumba. Na ni huyo huyo anayekaa kwenye meza ya kupanga timu.

Sasa niwape kisa. Klabu yetu ilimwalika mzee mmoja aliyewahi kuwa nahodha wa kaunti (si Leicestershire, na jina naliacha) aje azungumze kwenye chakula cha kufunga msimu. Kidole cha kati cha mkono wa kulia kimepinda kama ndoano, kilivunjika mara tatu. Watoto wakamuuliza ni siku gani haisahau. Tulitegemea fainali. Akaanza kueleza asubuhi moja ya mvua, maegesho ya magari, kijana wa miaka 19 kafika na wazazi wake kutoka mbali, buti jipya kabisa, na yeye ndiye wa kwenda kumwambia leo hachezi. Baba wa kijana akashusha dirisha akasema asante. Mzee akanyamaza hapo, akakunywa maji. Alisema mikimbio yake ya siku ile haijui mpaka leo.

Nilimwelewa kwa sababu tayari nilikuwa na deni langu. Rafiki yangu wa Morogoro, ndiye aliyenipokea Leicester, nililala kwenye kochi lake miezi minne. Nilipopewa timu ya tatu alikuwa mpigaji wangu namba tatu. Akawa haoni mpira vizuri, hataki miwani. Ijumaa moja nikaandika majina kumi na moja, nikaangalia, nikafuta lake, nikaweka la dogo mmoja wa shule. Halafu nikafanya ujinga ambao nahodha hatakiwi kufanya: sikumpigia. Nikabandika karatasi ubaoni, nikaondoka. Alifika Jumamosi na begi lake, na sufuria ya pilau ya timu nzima kama kawaida yake. Akasoma karatasi. Akaweka pilau mezani, akasema "kuleni ikiwa ya moto", akatembea hadi kituo cha basi na begi begani.

Dogo alipata mikimbio 40 na kitu, tulishinda. Pilau nilishindwa kuimeza.

Nilikwenda kwake Jumatano. Alinifungulia, tukatazama taarifa ya habari, hakuna aliyelitaja. Msimu uliofuata alivaa miwani akacheza timu ya nne, akawa anadaka mipira ambayo mimi ningeikwepa. Unahodha niliuacha 2007. Tukikutana sokoni ananiita "kapteni" mbele ya watu, anacheka, na mpaka leo sijajua ananitania au la.