Namba isiyogawanyika hadi 97, je, ni tasa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimeigawa 4,294,967,297 kwa namba tasa zote kuanzia 2 hadi 97, na kila mara kuna baki. Inaishia na 7, na nikijumlisha tarakimu zake mpaka ibaki moja napata 5. Je, nikisema ni namba tasa nitakuwa sahihi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Hapana, si tasa. Ni 641 mara 6,700,417. Chukua kalamu uzidishe mwenyewe. Usivunjike moyo, maana hata mwanahisabati mashuhuri Fermat aliamini kuwa ni tasa, hadi mwanahisabati mwingine, Euler, alipokipata kigawo hicho cha 641 mwaka 1732. Namba hii ni 2 kwa kipeo cha 32, ukiongeza 1, na Euler alionyesha kuwa kila kigawo chake tasa lazima kizidi kigawe cha 64 kwa 1. Kwa hiyo za kujaribu ni 193, 257, 449, 577, halafu 641. Jaribio la tano tu!

Linaloniumiza ni hili la kuishia njiani, nalisahihisha kila muhula. Kugawa hadi 97 kunatosha kwa namba zilizo chini ya 10,201, yaani 101 mara 101. Zaidi ya hapo hujathibitisha kitu. Kipeuo cha pili cha namba yako ni 65,536 na ushee, na chini yake kuna namba tasa 6,542 za kujaribu. Wewe umejaribu 25. Kuhusu kuishia na 7 na kupata 5, itazame 77: inaishia na 7, tarakimu zake zinakupa 14, kisha 5, nayo ni 7 mara 11. Jumla ya tarakimu inakuambia habari za 3 na 9, basi.

Sasa kuna hawa wanaowauzia wanafunzi "kanuni ya mkato" kwenye makundi ya WhatsApp: chukua 2, ipe kipeo kilichopungua 1 kwenye namba yako, gawa kwa namba yenyewe; baki ikiwa 1, ni tasa. Ni uongo, na wanawatoza watoto pesa kwa uongo huo. Chukua 341. 2 kwa kipeo cha 10 ni 1,024, yaani 341 mara 3, baki 1. Kipeo cha 340 ni hiyo 1,024 ikijizidisha mara 34, kwa hiyo baki ni 1 vilevile. Lakini 341 ni 11 mara 31. Hata namba yako ya Fermat inapita kipimo hicho. Kwa namba witiri, baki isipokuwa 1 ndipo una uhakika, uhakika kwamba si tasa. Ikiwa 1, kazi bado iko palepale.

Aliyeuziwa kanuni hiyo ataandika kwenye mtihani kuwa 561 ni tasa, kwa sababu nayo inapita, wala hatakumbuka kujumlisha 5, 6 na 1 aone kuwa inagawanyika kwa 3.