Jibu: Raifo nyepesi ya kuwindia elki Colorado

Mkuu, umeuliza uchukue raifo ya kilo mbili na ushee au ya kilo tatu kwa ajili ya elki, yule kulungu mkubwa, kule Colorado, Marekani. Mimi ningechukua ya kilo tatu kasoro. Raifo ya Tikka T3x Lite ina takriban kilo 2.9 bila darubini ya kulengea, na bei yake haikukamui. Zile nyepesi mno teke lake ni kali, tena ukishapanda hadi mwinuko wa mita 3,000 huku unahema, mtutu mwembamba unacheza kama unyasi. Yenye uzito kiasi hutulia mkononi.

Ukitaka kupunguza mzigo, anza na darubini. Watu wananunua raifo ya bei mbaya halafu wanaifunga darubini ya karibu kilo nzima, sasa umeokoa nini?

Kwa risasi, aina ya 7mm-08 inatosha na haiumizi bega. Sheria ya Colorado kwa elki inataka kipenyo kisichopungua inchi 0.24 na kichwa cha risasi cha greini 85 (kama gramu 5.5) au zaidi. Mazoezi usifanyie mezani tu. Kaa chini, egemeza mtutu kwenye begi lako, ndivyo utakavyopiga mlimani. Na vazi la rangi ya chungwa au waridi linalong'aa ni lazima msimu wa bunduki.